Njia ya Tatu

Mama mkubwa alikanyaga ncha moja ya shuka kwa mguu wa kushoto, ncha ya pili akaizungushia kwenye kiwiko, halafu akajinyonga mwili mzima kama mtu anayecheza ngoma asiyoipenda. Maji yalichuruzika uani. Si yote. Shuka likabaki zito, linadondoka, na yeye anahema.

"Lete nikusaidie," alisema Kifungu. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, madaftari ya chuo mapajani.

"Leo utanisaidia. Kesho uko chuoni, nitamwita nani? Soma."

Mkono wa kulia ulikuwa bado na bandeji, ila bandeji ya mwisho mwisho, nyembamba, inayoonyesha umbo la kilichobaki. Kidole gumba huku, kidole cha mwisho kule, katikati hakuna kitu. Vile vitatu vilichukuliwa na mashine ya kupiga pasi mashuka. Magogo mawili ya chuma, ya moto, yanazunguka; shuka linaingia bichi huku, linatoka limenyooka kule. Kiwanda kilifua mashuka ya hospitali na hoteli zote za mji, na Mama mkubwa alikuwa akiilisha ile mashine tangu Kifungu hajaota ndevu. Zamani mbele ya magogo palikuwa na kizuio cha chuma, mkono usilifuate shuka. Meneja akaamuru king'olewe. Mashuka yalikuwa yananasa pale, kazi inachelewa.

Sasa alifulia majirani, mmoja mmoja, wale wenye moyo wa kusubiri.

Jina la Kifungu alipewa na fundi baiskeli wa hapo nje, baada ya kumsikia akimfokea mtu, "Hiyo ni kinyume cha kifungu!" Kifungu gani, mwenyewe hakukijua. Jina likaganda. Kabla ya hapo alikuwa ni yule tu aliyetoroka shule, yule aliyeshindwa kukaa kwenye dawati utadhani dawati lina siafu. Alibeba zege, akauza maji, akagombana na kila msimamizi aliyemkuta duniani. Mama mkubwa, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ndiye aliyesikia kwamba kuna chuo kinafundisha usaidizi wa kisheria na hakiulizi sana habari za vyeti vya sekondari. "Wewe unapenda kubishana," alimwambia. "Nenda kabishane kwa faida."

Na kweli alikaa. Kwa mara ya kwanza maishani alikaa. Kozi ilikuwa ukingoni, imebaki kazi ya vitendo tu.

"Kwani ule ugomvi wa majirani na mfereji wao umeishia wapi?" Mama mkubwa aliuliza.

"Wamepatana."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Wamepatana wenyewe. Msibani. Wamelia, wamekumbatiana, nawapelekea karatasi wasaini wananiambia, kijana, ugomvi gani?"

Mama mkubwa alicheka mpaka shuka likamponyoka. "Pole baba. Watu wabaya sana hao. Wanapatana bila kibali."

Kifungu hakucheka. Chuo kilitaka kila mwanafunzi alete mgogoro mmoja wa kweli, ulioisha mezani, pande zote mbili zimesaini. Asiyeleta anarudia mwaka. Wenzake wote walishapata, hata yule msinziaji wa nyuma alipata ugomvi wa kuku. Na kurudia mwaka yeye alijua maana yake. Angetoroka. Alijijua kama mtu anavyojua jino lake bovu.

"Basi nichukue mimi," Mama mkubwa alisema, akaokota shuka. "Mgogoro si ninao?" Akainua bandeji. "Huu hapa. Wa kweli kabisa. Uguse kama unabisha."

*

Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kurudisha lori nyuma. Vitu vingi alivifundisha mara moja na kuviacha. Kimoja alikirudia kila kipindi, mpaka walio nje dirishani wakakijua.

"Mteja ana njia ngapi?"

"Tatu!"

"Tuonyeshe."

Darasa zima liliinua mikono na kuhesabu kwa vidole kama watoto wa chekechea. "Moja, mezani. Mbili, kuacha. Tatu, kwenda mbele."

"Mbele wapi?"

"Kwa ofisa anayehusika, na mahakamani!"

"Nani anachagua?"

"Mteja!"

"Sasa ole wako umfiche mteja njia moja. Wewe si msaidizi wa kisheria tena. Wewe ni mwizi anayetumia kalamu."

Kifungu alilipenda neno hilo. Aliliandika kwenye jalada la daftari.

Na alisoma. Sura ya majeraha ya kazini aliisoma mpaka kurasa zikalegea. Mtu akiumia kazini, ofisa kazi anakuja, anaikagua mashine, daktari anaandika kiasi cha ulemavu, na mwajiri aliyeng'oa kinga hana pa kujificha. Fidia inalipwa. Inalipwa kwa sababu mkono haukui tena kama kucha. Alipofika hapo moyo ulimdunda, akataka kumkimbilia mtu. Akamkimbilia Mkufunzi ofisini.

"Mwalimu, mteja wangu ana haki kabisa. Akienda kwa ofisa kazi anashinda."

"Anashinda lini?"

"Lini?"

"Nakuuliza wewe, umesoma." Mkufunzi alikuwa anapanga mafaili, hakuinua uso. "Huko kuna watu walifungua shauri wakiwa na mimba. Sasa wanakuja na mtoto kumwonyesha hakimu."

"Lakini atashinda."

"Sawa. Na faili likienda huko, linaondoka kwetu. Halihesabiki. Wewe utaniletea nini?"

Kifungu alimkazia macho.

"Usinitazame hivyo. Sikutunga mimi. Wakubwa wanaotupa kibali cha kufungua milango hapa wanauliza kitu kimoja: migogoro mingapi imeisha? Hawaulizi imeishaje. Ikiwa michache, chuo kinafungwa, na vijana kama wewe mnarudi kwenye zege." Ndipo akamtazama. "Huyu mteja ni nani kwako?"

"Mama mkubwa."

Mkufunzi aliinuka, akausukuma mlango ukajifunga. Akakaa tena.

"Ndugu hasuluhishi ndugu yake. Umesema jirani?"

Nje mtu alikuwa anakokota meza. Kifungu alisubiri ile kelele iishe. Ilipoisha, akawa hana tena cha kusubiri.

"Jirani," alisema.

"Ndivyo nilivyosikia."

"Mwalimu, nampa njia zote tatu?"

"Mimi nimefundisha ngapi?"

"Tatu."

"Basi." Mkufunzi alirudi kwenye mafaili yake. "Utaongea naye mwenyewe. Mimi sitakuwepo."

*

Mahojiano yalifanyika nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Kifungu alivaa shati la kola. Mama mkubwa alitoka nje kusudi, akabisha mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi, mheshimiwa!"

"Karibu, mama. Keti. Jina lako kamili?"

"Hulijui?"

"Ni utaratibu."

"Haya, mwandikie utaratibu." Akalitaja jina lake lote, pamoja na la baba yake na la babu, kwa mbwembwe. Alikuwa anafurahi. Hilo ndilo Kifungu hakulitarajia. Alikuwa na mkono nusu, na alikuwa anafurahi kumwona mtoto wake ameshika kalamu upande ule wa meza.

Alieleza yote. Shuka la hoteli, lile pana la vitanda vikubwa, lilijikunja mdomoni mwa mashine. Msimamizi akapiga kelele, sukuma, sukuma! Akasukuma. Magogo yakafuata mkono. Mwenzake ndiye aliyekimbia kuzima swichi. "Unajua nilichokisikia kwanza? Harufu. Nikasema, loo, nani anaunguza nguo?"

Kifungu aliandika.

"Sasa," alisema. "Kisheria una njia."

"Ngapi?"

Ya tatu ilikuwa ipo mdomoni, moto, kama kipande cha kiazi kilichotoka jikoni sasa hivi. Huwezi kumeza, huwezi kutema mbele ya watu. Aliona darasa zima limeinua vidole. Aliona zege.

"Mbili," alisema.

"Mbili tu?" Mama mkubwa aliguna. "Madaftari yote yale, unawasha taa unanizuia kulala, kumbe njia zenyewe mbili?"

"Kwa hali yako."

"Mm. Kwa hali yangu."

"Ya kwanza, tunakaa mezani na kiwanda, mnakubaliana. Ya pili, unaacha."

"Kuacha siachi." Alitazama bandeji, akaigeuza upande huu na upande ule, kama mtu anayeangalia mtungi kama una ufa. "Na hili la mezani likiisha, wewe chuo umemaliza?"

"Namaliza."

"Hutoroki?"

"Sitoroki, mama."

"Basi mezani. Andika."

Aliandika. Walipokula, alikula haraka haraka, macho kwenye sahani, asije akamwona anavyokishika kijiko.

*

Chumba cha usuluhishi cha chuo kilikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na mapazia meupe madirishani. Mama mkubwa alipokaa, kitu cha kwanza alichofanya ni kukishika kitambaa cha meza kwa mkono wa kushoto, akakipapasa ukingoni.

"Hiki nimekipiga pasi mimi," alisema.

"Nini?" aliuliza Kifungu.

"Huu mkunjo wangu. Wengine hawapigi hivi." Akanusa pazia. "Hata haya. Sabuni ya kwetu hii."

Mkufunzi alikohoa. "Kiwanda kinatufulia. Wanajitolea. Ni ujirani mwema tu."

Meneja aliingia akitabasamu, mtu mnene wa shati lililonyooka, akampa Mama mkubwa mkono wa kulia. Halafu akakumbuka. Mkono ukabaki hewani kidogo, akaupeleka kichwani kujikuna.

"Mama yetu! Unaendeleaje? Kule tunakukosa sana."

"Nami nakosa," alisema Mama mkubwa. "Vidole."

Kifungu nusura acheke. Mkufunzi alimkata jicho, akamwonyesha kiti. Kifungu alikuwa amekaa karibu na Mama mkubwa, bila kufikiri, kama anavyokaa nyumbani.

"Msuluhishi anakaa wapi?"

Akainuka, akakiburuta kiti mpaka katikati, mahali ambapo hawezi kumgusa yeyote. Kile kiti kilipiga kelele ndefu sakafuni. Mama mkubwa alikifuata kwa macho mpaka kilipotulia.

Meneja aliongea vizuri. Hilo lazima lisemwe. Alisema kiwanda ni familia. Alisema hospitali walilipa wao, hata dawa, hata usafiri. Alisema ajali ni mipango ya Mungu, ila na binadamu naye awe makini.

"Makini vipi?" aliuliza Mama mkubwa.

"Mama yangu, kwa heshima zote. Nani alikwambia uingize mkono?"

"Msimamizi. Alisema sukuma."

"Alisema sukuma shuka. Hakusema sukuma mkono."

"Shuka linasukumwa na nini? Na ulimi?" Mama mkubwa aligeuka. "Na kile kizuio? Nani alikitoa? Mwambie, Kifungu. Wewe si umesoma? Mwambie kuhusu kizuio."

Kifungu alikijua kifungu. Kwa mara ya kwanza tangu apewe hilo jina alikijua hasa, namba yake, ukurasa wake, mahali kilipoanzia kwenye ukurasa. Alifungua mdomo.

"Msuluhishi hana upande," alisema Mkufunzi taratibu, kalamu ikigonga kitambaa cheupe.

"Mama," Kifungu alisema, na sauti yake ilitoka kama ya karani, "hapa hatutafuti mwenye makosa. Tunatafuta suluhu."

Mama mkubwa alimtazama. Halafu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa arudi alikotoka.

"Haya. Tutafute."

Ikawa rahisi baada ya hapo. Mama mkubwa angerudi kazini, kazi nyepesi, kukunja taulo. Angepewa na kifuta jasho kidogo. Naye asingedai tena chochote, popote, kwa yeyote. Mkufunzi aliyasoma hayo maneno ya mwisho kwa kasi ya mtu anayepita mbele ya mbwa. Meneja akasema, "Kijana ana busara sana huyu. Atafika mbali."

Kalamu ilimponyoka Mama mkubwa mara ya kwanza. Akaiokota. Ikaanguka tena, ikaacha mstari wa wino kwenye ule mkunjo wake. Alikuwa mtu wa kuandika. Barua za mtaa mzima aliandika yeye enzi za barua, na mwandiko wake ulikuwa wa kulala upande, wa madaha.

"Siyo lazima," Mkufunzi alisema, akasogeza kibweta cha wino. "Dole gumba linatosha."

"Mimi najua kuandika."

"Tunajua, mama. Ni kurahisisha tu."

Akalichovya dole gumba, akalibandika. Halafu akatafuta pa kulifutia. Meza nzima ilikuwa nyeupe. Akalifutia kwenye bandeji yake.

*

Kifungu alipata alama za juu kuliko wote. Mkufunzi aliisoma kazi yake mbele ya darasa, akaita mfano wa kuigwa. Wenzake walimpigia meza. Yule msinziaji wa kuku alimuuliza, "Ulimpata wapi mteja mpole namna hiyo, kaka?"

"Jirani yetu," alisema Kifungu. Safari hii neno halikukwama hata kidogo.

Kazi ya taulo haikumaliza msimu. Walimwambia mkono mmoja haukimbizani na mashine ya kukaushia, taulo zinarundikana. Hawakumfukuza. Walimwambia apumzike mpaka wamwite. Alirudi nyumbani mchana, mapema, akiwa na kandambili zake za kazini kwenye mfuko.

"Waandikie basi," alimwambia Kifungu. "Waambie hatukukubaliana hivi."

"Tulikubaliana kazi nyepesi, mama. Haikuandikwa ya muda gani."

"Basi tuwadai."

"Ile karatasi inasema hudai tena."

"Popote?"

"Popote."

"Aa," alisema Mama mkubwa. Hilo tu. Akaenda kuziweka kandambili chini ya kitanda.

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kifungu alizingoja kelele mchana wote, akawa anaranda uani, anaokota vitu visivyohitaji kuokotwa. Jioni alichota maji ya kufulia, ndoo baada ya ndoo, mpaka mapipa yakafurika, na bado akachota.

Ni fundi baiskeli aliyeleta habari, akiwa anaziba pancha kizingitini, mdomo umejaa gundi na maneno.

"Mama, umesikia? Yule dada wa zamu ya pili, yule aliyeungua kiganja na mvuke. Yeye alikataa kusaini. Kaenda zake kwa ofisa kazi. Watu wamekuja na suti, wamekagua mashine zote, na kizuio kimerudishwa. Anapokea fidia kila mwezi, amekaa kwake kama malkia."

"Ofisa kazi?" aliuliza Mama mkubwa.

"Eeh. Ofisi ile pale nyuma ya posta. Kumbe mtu yeyote anaingia. Kwani Kifungu hakukwambia? Kifungu!" Akageuka, anacheka. "Msomi wetu, umemficha mama ofisa kazi?"

Kifungu alikuwa ameshika kamba ya kuanikia. Fundi alisubiri mzaha wa kurudishiwa, maana ndivyo walivyozoea. Haukuja. Fundi akainama kwenye pancha yake, akaanza kupiga mluzi.

Mama mkubwa alikanyaga ncha ya shuka. Akazungushia ile nyingine kwenye kiwiko.

"Shika huku," alimwambia Kifungu.

Akashika. Wakakamua, yeye anazungusha kulia, Mama mkubwa anazungusha kushoto, wanatazamana juu ya shuka lililojinyonga katikati yao. Maji yalitoka yote. Mama mkubwa akalipokea, akalikung'uta, akalianika.

"Shati lako la mahafali nimeshalipiga pasi," alisema baadaye, akipita kuingia ndani. "Kola imekaa vibaya kidogo. Utanisamehe, nimetumia mkono wa kushoto."

*

Chuo kilimwajiri Kifungu awe msaidizi wa darasa. Kufuta ubao, kugawa karatasi, kuwapanga wapya kwenye viti. Kazi ya kukaa. Mkufunzi alimwita ofisini akiwa anacheka.

"Yule mteja wako. Jirani. Wapya hawajawahi kuona mteja wa kweli aliyeridhika. Mlete aongee nao kidogo. Tutampa nauli na soda."

"Hawezi kuja, Mwalimu. Anaumwa."

"Nimempigia mwenyewe. Kasema atakuja."

Alikuja. Alivaa gauni lake la harusi za watu na kitambaa kichwani alichofungiwa na mke wa fundi. Bandeji ilishatoka siku nyingi. Alikaa kwenye kiti cha mbele, mkono wa kulia ameulaza mapajani, wa kushoto juu yake, kama anamfunika mtoto. Kifungu alisimama kando ya ubao. Shikamoo aliitoa asubuhi nyumbani, hapa alisema tu, "Karibu, mama."

"Asante, mwalimu," alijibu Mama mkubwa.

Wanafunzi waliuliza maswali yao. Wengi walikuwa vijana waliokatiza shule, unawajua kwa jinsi wanavyozishika kalamu kwa nguvu. Ulijisikiaje? Vizuri. Ulilazimishwa? Hapana, hakuna aliyenilazimisha. Uliongea kwa uhuru? Niliambiwa niongee, nikaongea. Mkufunzi aliitikia kwa kichwa kila jibu, ameridhika.

"Swali la mwisho ni langu," alisema. "Mama yetu, hebu waambie. Siku ile msuluhishi wako alikuonyesha njia ngapi?"

Mama mkubwa aliutoa mkono wa kulia chini ya ule wa kushoto. Akauinua. Kidole gumba huku, kidole cha mwisho kule, na katikati dirisha linaonekana, na pazia jeupe.

"Mbili," alisema.

Kiti kimoja nyuma kililia. Mkufunzi alicheka kicheko chepesi.

"Anamaanisha tatu. Jamani, mkono wenyewe si mnauona? Angeonyeshaje tatu?"

Darasa lilicheka kidogo, kwa huruma. Kalamu zikainama, zikaandika.

"Mbili," alisema tena Mama mkubwa, bila kupandisha sauti. Hakuwa anamtazama Mkufunzi. "Kama mnabisha, muulizeni. Yule pale."

Wote waligeuka. Kifungu aliona nyuso, na nyuma ya nyuso zile aliona ua wa nyumbani, mapipa yaliyofurika, mfuko wenye kandambili. Neno la kweli lilikuwa moja. Mdomoni lilikuwa la moto vilevile.

"Msaidizi," alisema Mkufunzi, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya kurudisha lori nyuma, "waandikie ubaoni. Njia ngapi?"

Alichukua chaki. Aliwapa mgongo, na hilo lilimsaidia. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, ili hata wa nyuma waone: TATU.

"Haya, kwa pamoja," alisema Mkufunzi. "Tuonyesheni."

Mikono ikainuka darasa zima. "Moja, mezani," waliimba. "Mbili, kuacha. Tatu, kwenda mbele." Vidole vitatu, vitatu, vitatu, kila mstari, mpaka nyuma kwenye ukuta. Na mbele yao, kwenye kiti cha mteja, mkono wa Mama mkubwa ulikuwa bado uko juu.